Benchi la Mlangoni

Ninaandika kwa ajili yako uliyeambiwa juma hili kwamba una kifua kikuu, ukarudi nyumbani hujui uanze kumwambia nani. Mimi niliambiwa hivyo hapa Nakuru, na leo ninachota maji bombani mwenyewe, ninapika, na Jumapili ninaimba, ingawa sauti ya juu haijarudi yote. Sitakueleza ugonjwa huu unavyoingia mwilini, maana hayo siyajui vizuri na hospitali watakueleza. Nitakueleza mambo ambayo hakuna aliyenionya.

La kwanza ni vumbi. Miaka ile ziwa letu lilikuwa limekauka sana, na kila kiangazi upepo wa mchana uliinua magadi meupe ukayaleta mjini. Yaliingia kwenye unga, kwenye matandiko, kwenye nywele. Sisi tuliokaa landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, tulifunga madirisha mapema, na bado ukipangusa meza, baada ya muda mfupi ungeweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole. Mji mzima ulikohoa. Mtu akikohoa ulimwambia, "Pole na vumbi," naye akajibu, "Mvua ikinyesha litalala."

Kwa hiyo nilipoanza kukohoa nilisema ni vumbi. Mvua ikanyesha, vumbi likalala, watu wote wakanyamaza, mimi nikaendelea. Hapo ndipo nilipaswa kwenda hospitali. Badala yake nilikunywa maji ya moto na limau, nikangoja kiangazi kingine ili nipate tena cha kusingizia. Ukiona wenzako wamenyamaza na wewe bado unakohoa, usingoje kama mimi.

Watu huniita Mama Yona. Tumetoka magharibi, na mume wangu ni fundi katika karakana ya reli. Kanisani nilikuwa ninaongoza nyimbo za akina mama, na benchi letu lilikuwa la kwanza, upande wa kushoto. Siku moja tukiwa katika kujifunza wimbo mpya nilikohoa kwenye ncha ya leso yangu nikaona damu, si nyingi, kama ya mtu aliyeng'olewa jino. Nikaikunja ile ncha kwa ndani, nikamaliza wimbo.

Hospitali ya serikali ilikuwa na veranda ndefu yenye mabenchi ya mbao. Ukifika asubuhi unakaa mwisho, na kila anapoitwa mmoja wote mnasogea kidogo. Nenda na kitu cha kushona au cha kufuma. Mwenye kazi mikononi hangoji sana kama yule anayeutazama mlango.

Daktari alikuwa Mzungu mrefu asiye na maneno mengi. Aliishika picha ya kifua changu mbele ya dirisha, akaitazama, akasema maneno machache kwa lugha yake. Aliyenieleza alikuwa dresa wake, msaidizi wa kuchoma sindano na kufunga vidonda, jina lake Daudi, mtu wa makamo mwenye mikono mikubwa.

"Mama, ni kifua kikuu," alisema. "Lakini umekuja wakati mzuri. Zamani tuliwaambia wagonjwa wapumzike na kuomba. Siku hizi tuna sindano."

"Na kuomba?"

"Omba tu. Lakini sindano usikose hata moja."

Nililazwa tangu mvua fupi zilipokuwa zinamalizika mpaka karibu na mvua kubwa. Wodi ya kifua ilikuwa wazi upande mmoja, madirisha hayakufungwa hata kwenye baridi, na tulilala tumejifunika blanketi mpaka masikioni. Sindano ilikuja kila asubuhi. Baada ya majuma kadhaa hapakuwa na mahali pa kuichoma pasipouma. Nilikaa kwa upande mmoja, halafu kwa upande mwingine. Masikio yalivuma kama filimbi ya treni iliyo mbali isiyofika stesheni. Kulikuwa pia na dawa ya unga, ya kuchanganya na maji, ambayo ilirudi kooni kila ilipomezwa. Jaribu kuimeza baada ya uji, kamwe usiimeze tumbo likiwa tupu. Hilo lilinisaidia.

Mwili ulibadilika mpaka nikauonea aibu. Nilikonda hata pete ya ndoa ikawa inaanguka kwenye karai nikifua, nikaizungushia uzi ndani ili ishike kidole. Jasho lililowesha shuka. Lakini wema mdogo mdogo nao ulikuwapo. Kwenye kitanda cha jirani alilala bibi mmoja wa Subukia ambaye wanawe walimletea maziwa kila walipokuja mjini. Aliyagawa nusu kwa nusu bila kuniuliza.

"Bibi, haya ni yako," nilimwambia.

"Nyamaza unywe. Nikinywa yote nitanenepa, wanirudishe nyumbani nikalime."

Jambo zito zaidi lilikuwa watoto. Yona na mdogo wake Eseri walipelekwa Rongai kwa wifi yangu. Eseri alikuwa bado anashika ukuta ili asimame. Mume wangu alikwenda kuwaona alipopata nafasi, ingawa miaka ile ya hali ya hatari askari walimsimamisha barabarani kila mara. Alirudi siku moja akaniambia kwa furaha kwamba Eseri ameanza kusema. Nikamuuliza amesema nini. Akaangalia sakafu. Eseri alikuwa amemwita wifi yangu mama. Nililia, halafu nikamshukuru Mungu kwamba ana wa kumwita hivyo. Vyote viwili vilikuwa kweli kwa wakati mmoja, na wewe usishangae vikikupata.

Nilipotoka wodini bado nilikuwa mgonjwa. Nilipaswa kurudi hospitali kwa sindano siku moja baada ya nyingine, na kila baada ya muda kupeleka makohozi katika kikopo yapimwe. Watoto walibaki Rongai. Nyumbani nilikuwa na sahani yangu, kitanda changu, na kikombe changu cha bati cha kijani kilichoning'inia kwenye msumari wake. Nilitii yote, nikajiona mgonjwa mwema kuliko wote wa veranda ile.

Ndipo asubuhi moja Daudi, akiwa anachemsha sindano, akaniuliza, "Mama Yona, nyumbani una kikombe chako?"

"Ninacho."

"Sahani?"

"Ninayo."

"Na kanisani?"

"Jumapili mimi sikosi."

"Sijauliza hivyo. Kikombe cha Meza ya Bwana. Mnakunywa wote kimoja?"

Tangu nitoke wodini Jumapili ya Meza ilikuwa haijafika, maana mchungaji wetu alihudumia makanisa mengi na zamu yetu ilikuja mara chache. Lakini ilikuwa inakaribia.

"Makohozi yako bado si safi," Daudi alisema. "Mpaka nikwambie yamekuwa safi, kikombe hicho usikiguse. Geuka upande huo."

Sasa nikueleze, kama huko kwenu ni tofauti. Kanisani kwetu kulikuwa na kikombe kimoja cha fedha, na haikuwa desturi kumpa mtu mkate bila kikombe. Wote waliokuwa na haki ya Meza waliiendea. Waliobaki wamekaa walikuwa wale waliofungiwa Meza kwa sababu ya kosa: mwenye kuoa mke wa pili, mlevi, aliyekwenda kwa mganga. Hao walikuwa na benchi lao, la mwisho kabisa, karibu na mlango. Hakuna aliyewaambia wakae pale. Walikaa wenyewe, na kila mtu alijua maana yake. Mwanamke aliyeongoza nyimbo, akikaa benchi lile siku ya Meza, hakuna ambaye angeuliza kama ana kikohozi. Wangeuliza ametenda nini.

Nilimwambia mume wangu. Wakati ule jina lake lilikuwa limetajwa miongoni mwa watakaochaguliwa kuwa wazee wa kanisa, naye alikuwa amenunua tai.

"Daudi ni dresa," alisema. "Si Mungu. Bwana ametuagiza tule na tunywe. Utamtii nani?"

"Na nikiwaambukiza watu?"

"Mama Yona, imani yako imekwenda wapi?"

Alimwita mchungaji nyumbani. Mchungaji wetu alikuwa mtu mpole, mwenye viatu vilivyoliwa upande mmoja kwa kutembea. Alitusikiliza wote wawili, halafu akasema neno lililonigusa sana. "Mama Yona atakuja wa mwisho. Hakuna mwumini atakayekunywa baada yake. Kinachobaki kikombeni ni wajibu wangu kukimaliza, nami nitakimaliza. Siogopi."

Nataka ujue jinsi jambo hilo lilivyonipendeza. Lilikuwa na sura zote za utii. Mume ananiambia nimtii Bwana, mchungaji yuko tayari kuhatarisha kifua chake, nami ningejongea mbele ya watu wote kama mtu wa imani kubwa. Mdomo ulikuwa umekwisha kufunguka kusema ndiyo. Halafu nikajiuliza swali dogo tu: kama Meza ingekuwa mahali ambapo hakuna mtu ananiona, ningeiendea? Jibu lilikuja upesi. Ningekaa kimya, ningengoja nipone, maana Mungu ananijua. Basi nilichokuwa ninakihitaji hakikuwa kikombe. Nilihitaji kuonekana nikikiendea.

"Mchungaji," nilisema, "wewe ukiugua, nani atawalisha watu wote hawa, kutoka hapa mpaka Rongai?"

Nikamgeukia mume wangu.

"Nitakaa."

"Utakaa wapi?" mume wangu akauliza.

"Wanapokaa wasiokunywa."

Mchungaji alitaka basi alieleze kanisa sababu. Mume wangu akakataa kabisa. Tulikaa landhi moja na watu wengi, bomba moja, choo kimoja. Aliogopa kwamba wakijua tutatolewa nyumbani, na kwamba watoto hawatapata wa kucheza nao. Mchungaji akasema siri ya nyumba ni ya wenye nyumba, naye atanyamaza. Kwa hiyo nilikwenda kwenye benchi la mlangoni bila maelezo.

Siku hiyo walikuwa pale wachache tu, na mwenyeji wao mkubwa alikuwa Rispa, jirani yetu wa landhi ya pili. Rispa alipika pombe ya busaa. Alikuwa amefungiwa Meza muda mrefu, na hakukosa Jumapili.

"Mama wa mbele!" alininong'oneza. "Umepotea njia?"

"Nimekuja kukaa."

"Karibu basi. Hapa kuna hewa, na mahubiri yakirefuka unatoka bila kuonekana." Akainama karibu. "Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu."

"Ndiyo, ndiyo. Hata mimi mwanzoni nilikuwa sijafanya kitu." Akaonyesha kwa kidevu mabenchi ya mbele. "Unaona wale wanaoimba? Nusu ni wateja wangu."

Ulipofika wakati wa Meza watu walisimama benchi moja baada ya jingine. Mimi niliangalia miguu yao. Wakirudi, wengine waligeuza shingo kunitazama, wengine walijitahidi sana wasinitazame, na sijui ni kipi kiliuma zaidi.

Habari ikajitunga yenyewe. Nilikuwa nimekonda, nimepotea miezi mingi, nimerudi ninakaa nyuma: watu wakajumlisha, wakapata mganga. Kabla ya juma kwisha akina mama wawili walikuja kuniombea.

"Mama Yona, itoe hirizi tuichome," alisema mmoja.

"Sina hirizi."

"Shetani hufunga midomo," akasema mwenzake, wakaanza kuimba wimbo wa toba, tena kwa sauti mbaya, wakiuanza chini mno. Nilikuwa nimewafundisha wimbo huo mimi mwenyewe. Niliumia kwa ajili ya jina langu, lakini kusema kweli niliumia pia kwa ajili ya wimbo.

Usifikiri kwamba kwa kukaa kule nyuma nilikuwa nimeshinda kiburi. Kilikuja nami, tukakaa pamoja. Jumapili za kawaida, ambazo ningeweza kurudi mbele, nilibaki nyuma kwa sababu Daudi alisema nikae penye hewa. Lakini niliimba kwa nguvu ili benchi la kwanza lisikie ni nani anayeujua wimbo. Kifua hakikuweza. Nilikohoa mpaka machozi yakanitoka.

"Polepole, mama," Rispa alisema. "Mungu anasikia hata huku."

Tena niliacha nafasi. Kati yangu na Rispa angeweza kukaa mtu mzima na mtoto wake. Siku moja aliitazama nafasi ile, akanitazama.

"Ninanuka?"

"La."

"Basi hii ni ya nani?"

Ningeweza kujibu kwamba ni kwa sababu ya ugonjwa, nami ningekuwa ninasema uongo. Niliiacha ili yeyote atakayegeuka aone kwamba siko pamoja na watu wale. Mwili wangu ulikuwa umetii, ukakaa nyuma. Moyo ulikuwa bado umesimama mlangoni unawaeleza wapitao kwamba mimi si wa pale.

Daudi alikuwa na neno kuhusu jambo kama hilo, ingawa yeye alizungumzia dawa. Nilikuwa nimeanza kunenepa, nikamuuliza kama sindano zinaweza kupunguzwa.

"Hapo ndipo wengi wanaponiharibikia," alisema. "Akiwa mifupa anatii kila kitu. Akipata mashavu kidogo, anatii anachopenda. Halafu anarudi, na safari hii dawa haimsikii. Mama, ukitii nusu, ni afadhali ungebaki nyumbani ukaokoa nauli."

Nilirudi nyumbani nikifikiria nafasi ile ya kwenye benchi.

Kiangazi kikaja tena na vumbi lake. Mji wote ukakohoa, na Rispa akakohoa. Yeye alikuwa na kikohozi tangu kabla sijakaa karibu naye. Alisema ni moshi wa kupikia, kisha akasema ni vumbi. Ndipo mvua ikafika, kutoka upande wa Subukia kama kawaida, mawingu meusi juu ya mlima Menengai. Vumbi likalala. Kanisa likanyamaza. Rispa hakunyamaza.

Jumapili moja katikati ya mahubiri alikohoa kwenye ncha ya leso yake, akaiangalia, akaikunja kwa ndani.

Ile mikunjo niliijua. Sikusikia tena neno lolote la mahubiri.

Angalia mambo yalivyokuwa. Nikimwambia kwamba hilo si vumbi, angeniuliza nimejuaje. Nikimjibu, siri yetu ingekuwa mikononi mwa mwanamke ambaye kwake landhi zote zilikwenda kunywa na kupata habari. Uchaguzi wa wazee ulikuwa mwezi uliofuata. Nilianza kutafuta njia ya katikati: labda nimtume Daudi amwite, labda nimwambie tu aende hospitali bila kusema kwa nini. Lakini mimi mwenyewe niliambiwa na watu wengi niende hospitali bila kuelezwa kwa nini, nami nilikunywa limau mwaka mzima. Rispa angecheka tu. Alihitaji kumwona mtu aliyeikunja leso yake vivyo hivyo na bado anatembea.

Mungu hakuniambia neno kwa sauti. Nilijua tu kwamba ninaombwa kitu kile kile nilichokuwa nimekitoa nusu.

Watu walipotoka nilimshika mkono kando ya ukuta.

"Rispa, nionyeshe ncha ya leso yako."

"Leso yangu ina nini?"

"Ninajua ina nini. Yangu ilikuwa ya njano."

"Unasema nini, Mama Yona?"

"Nina kifua kikuu. Ndiyo sababu sinywi kikombe. Ninachomwa sindano, ninapona. Na wewe, hilo si vumbi."

"Kumbe si mganga?"

"Si mganga."

"Na wakati wote huu umewaacha waseme?"

"Nimewaacha."

Aliketi kwenye ngazi ya kanisa. Akaanza kucheka, kicheko kikamletea kikohozi, na kikohozi kikamletea machozi. "Na mimi niliwaambia wateja umeua mtu," alisema. "Mganga niliona ni kidogo mno kwa mtu wa mbele." Halafu akajifuta macho kwa kiganja. "Si ungeniacha tu? Mimi ni nani kwako?"

"Wewe ni wa benchi langu. Kesho asubuhi ninakuja kukuchukua. Usinywe kiporo cha busaa."

Mume wangu nilimwambia siku hiyo hiyo, kabla hajakaa kula.

"Umemwambia Rispa," alisema polepole. "Rispa! Si ungepanda juu ya tangi la maji la reli ukatangaza?"

"Anatema damu, Baba Yona."

Aliacha chakula akatoka. Siku kadhaa hakusema nami ila neno la lazima. Yale yalikuwa majuma magumu kuliko ya wodini, maana wodini alikuwa ananiletea ndizi. Nilimpeleka Rispa hospitali, tukakaa kwenye veranda tukisogea pamoja, naye akawachekesha wote waliokuwa wanangoja mpaka sista akaja kutunyamazisha. Picha yake ilipotoka alikuwa na ugonjwa upande mmoja tu. Daudi alisema amewahi.

Tulingoja siri ivuje. Haikuvuja. Lakini mume wangu hakuweza kuvumilia kuingoja, na siku moja akavaa ile tai yake mpya, akaenda kwa msimamizi wake karakana, kisha kwa wazee wa kanisa, akawaambia mwenyewe: mke wangu ana kifua kikuu, hana hirizi, na amekaa nyuma ili asiwaambukize ninyi.

Rispa alipopata habari alikuja mbio mlangoni kwetu. "Majuma yote haya nimejizuia nusura nipasuke," alisema, "kumbe mropokaji ni mume wako!"

Hatukutolewa nyumbani. Alikuja mtu wa afya, akapaka kuta chokaa, akatuhamishia chumba cha mwisho karibu na ua, chenye madirisha mawili. Kwa kweli ni kizuri kuliko kile cha kwanza. Bombani wengine walihamisha ndoo zao nikija. Wengine hawakuhamisha, na mmoja wa wale akina mama wawili wa hirizi aliniletea kuni, akaziweka chini, akaondoka bila neno. Nilizikubali kama zilivyokuja. Mume wangu hakuchaguliwa kuwa mzee. Walisema ana mgonjwa wa kuhudumia. Nilimuuliza kama ameumia.

"Nimeumia," alisema. "Lakini siku hizi chakula kinapita kooni." Akanivutia kiti nikae naye mezani, mimi na kikombe changu cha kijani.

Siku Daudi aliponiambia makohozi yamekuwa safi, hakunipongeza. Alisema yapimwe tena, na tena. Yalipokuwa safi kila mara, watoto wakarudi kutoka Rongai. Eseri alinikimbia akajificha nyuma ya wifi yangu, na ilichukua msimu mzima wa mvua kabla hajanizoea. Usimlazimishe mtoto. Kaa tu mahali anapocheza, ukifanya kazi yako, atakuja. Siku aliponikalia mapajani nilikuwa nimekwisha kuufungua ule uzi kwenye pete.

Kwako wewe unayeanza sasa, nasema hivi. Maliza dawa yote, hata ile ya siku ambazo unajisikia mzima. Tenga kikombe chako. Na kama kumtii Mungu kutakufanya uonekane mdogo kuliko ulivyo, usikae tu mahali pale ukiwa umegeuzia uso pengine. Kaa kwa moyo wote. Kuna mtu hapo ambaye usingemwona ukiwa umekaa kwingine.

Jumapili ya Meza ya kwanza baada ya Daudi kuniruhusu nilivaa leso ile ile ya njano. Rispa alikuwa benchini kabla yangu. Aliacha kupika pombe tangu alipoanza sindano, na mchungaji alikuwa amemfungulia Meza mbele ya kanisa lote. Lakini makohozi yake yalikuwa bado, kwa hiyo kikombe hakuweza kukigusa.

"Umeona mambo haya?" alinong'ona. "Nilipokuwa na dhambi nilikaa hapa. Nimesamehewa, bado niko hapa!"

Watu wakaanza kusimama. Mimi nilisita.

"Nenda," alisema. "Usinihurumie. Nami nitafika."

Nikaenda. Nilikuwa wa mwisho kwa sababu nilitoka mbali kuliko wote. Kikombe kilikuwa kizito na baridi. Mchungaji alikikabidhi kwangu, nikanywa, naye baada yangu akakimaliza kilichobaki.

Nilipogeuka, akina mama wa benchi la kwanza walikuwa wamesogea, wameniachia mahali pangu pa zamani. Niliwaona. Nikawainamia kichwa kwa shukrani, nao walijua kwamba sikuwa na kinyongo. Halafu nikaendelea kutembea mpaka mlangoni.

"Umekosea benchi," Rispa alisema.

"Sijakosea. Hapa kuna hewa."

"Hewa ni nyingi mno leo. Sogea huku unikinge na baridi."

Nikasogea, na mtu mwembamba kabisa asingepata mahali pa kukaa kati yetu.